Gia Tatu Zinazogoma: Kabla Hujaiacha Habu Yako Kariakoo



Maswali yanayoletwa ofisini kwetu aghlabu huwa ya karafuu: bei, magunia, miche, makonyo na njia za mashamba. Lakini msimu uliopita yalizidi maswali ya namna nyingine, nayo ni ya baskeli. Wanachama wetu kadhaa, hasa wazee wa Pemba, wangali wanapanda zile baskeli za Kiingereza za zamani zenye gia tatu zilizofichwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Malalamiko yao ni mamoja. Mtu anasukuma mkono wa gia, nayo haibadiliki. Anapiga pedeli mara tano au sita, kisha ghafla inaingia kwa kishindo. Siku nyingine haiingii kabisa.

Baadhi yao wamelifungua gurudumu zima, wakavuka nalo bahari mpaka Dar es Salaam, wakalipeleka Kariakoo. Wamerudi na gurudumu jipya linalong'ara, lenye gia moja tu. Habu yao ya zamani wameiacha hukohuko kwa bei ya chuma chakavu.

Twaona hii ni hasara, tena si ndogo. Kisiwa cha Pemba ni vilima na mabonde, na mikarafuu yetu mingi iko juu ya vilima hivyo. Kijana mwenye nguvu ataukwea mlima kwa gia moja akitokwa jasho. Mzee wa miaka sitini na tano mwenye pishi za karafuu kwenye karia hataukwea. Atashuka na kusukuma. Kwa mtu huyo gia ya kwanza si pambo. Ndiyo inayompeleka shamba na kumrudisha kabla ya mvua. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza hapa, kwa utaratibu, jinsi ya kuitazama habu inayogoma, ili mwanachama ajue lililoharibika kabla ya kulipa nauli ya boti.

Habu hii ni kitu gani

Habu nyingi za namna hii zimeandikwa Sturmey-Archer juu ya kifua chake. Zilianza kutengenezwa mjini Nottingham, Uingereza, chini ya wenye kampuni ya baskeli za Raleigh. Hataza yake ni ya mwaka 1902. Majina yaliyobaki juu ya chuma ni ya Henry Sturmey na James Archer, ingawa wachunguzi wa mambo ya kale wanasema kazi kubwa ya kuibuni ilikuwa ya mtu mwingine, William Reilly. Namna iliyoenea kuliko zote ni ile yenye herufi AW, ambayo ilitoka mwaka 1936 na ikaendelea kutengenezwa kwa miaka mingi. Mwaka 2000 kampuni iliuzwa kwa SunRace ya Taiwan na mitambo ikahamishiwa huko.

Mwanachama akifuta vumbi juu ya habu yake, huenda akaona tarakimu karibu na zile herufi. Kwa habu za baada ya vita vya pili, tarakimu mbili ni za mwaka na ile nyingine ni ya mwezi. Iliyoandikwa AW 58 3 ilitengenezwa Machi 1958. Chuma kilichotoka kiwandani mwaka ule na kingali kinazunguka leo hakistahili kutupwa kwa sababu ya waya wenye kutu.

Ndani yake mna gurudumu dogo la meno lililoshikamana na ekseli, halizunguki. Limezungukwa na vigurudumu vinne vidogo, navyo vimezungukwa na pete kubwa yenye meno kwa ndani. Katika gia ya pili nguvu ya cheni hupita moja kwa moja. Sproketi ikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja. Katika gia ya kwanza gurudumu huzunguka robo tatu tu ya mzunguko, kwa hiyo mlima unakuwa mwepesi. Katika gia ya tatu huzunguka mara moja na theluthi, kwa hiyo njia tambarare inakwenda kwa kasi.

Anayechagua njia ya nguvu hiyo ni klachi ndogo iliyo ndani ya habu. Klachi hii huvutwa na cheni nyembamba inayotoka katika tundu la ekseli, upande wa kulia, ambayo imefungwa kwenye waya wa gia. Hapa pana jambo moja ambalo mwanachama akilishika atajua nusu ya kazi: kwenda gia ya kwanza, klachi huvutwa na waya, yaani na mkono wako. Kurudi gia ya tatu, haivutwi na mtu yeyote. Waya hulegezwa tu, na springi ndogo ndani ya habu ndiyo inayoirudisha. Mkono una nguvu, springi ni dhaifu. Kwa hiyo takataka yoyote, kutu yoyote, mafuta yoyote yaliyoganda, humshinda yule dhaifu kwanza.

Sikiliza ugonjwa kabla ya kutafuta dawa

Basi usiseme tu, "Gia mbovu." Panda baskeli mahali pa wazi, badilisha gia zote moja baada ya moja, kisha ujiulize ni ipi inayogoma.

Ikiwa uzito uko wakati wa kupanda kutoka ya kwanza kwenda ya pili, au ya pili kwenda ya tatu, basi springi inapambana na kitu. Ama waya hautelezi ndani ya ganda lake, ama mafuta ndani ya habu yameganda.

Ikiwa gia ya kwanza haipatikani, na baskeli inabaki katika ya pili, waya umelegea.

Ikiwa katika gia ya pili pedeli zinateleza bila kushika kitu, waya umelegea zaidi.

Ikiwa gia ya tatu haipatikani, au inashika na kuachia, waya umekazwa kupita kiasi au haurudi wote.

Na tuseme jambo la adabu ya kuendesha, maana vijana wamezoea gia za nje zenye sproketi nyingi. Gia za nje hubadilishwa huku pedeli zinazunguka. Gia za ndani hutaka usimame kupiga pedeli kidogo, kiasi cha kupepesa jicho, ubadilishe, kisha uendelee. Hubadilika hata baskeli ikiwa imesimama. Anayebadilisha huku amekaza miguu mlimani ataiona nzito siku zote, na kosa si la habu.

Jaribio la vidole

Jaribio hili halihitaji spana wala fundi, nalo ndilo linalokata shauri kama ubovu uko ndani au nje.

Pale cheni nyembamba inapokutana na waya pana kijipipa cha kuzungusha chenye mikwaruzo, pamoja na nati ndogo ya kukizuia. Legeza nati, zungusha kijipipa mpaka cheni iachane na waya. Sasa ishike cheni kwa vidole uivute taratibu kuelekea nje, huku mkono wa pili ukilizungusha gurudumu mbele na nyuma kidogo. Utahisi springi ikikupinga. Kisha iachie.

Ikirudi ndani mara moja, kwa wepesi, habu yako ni nzima. Ubovu uko katika waya, nawe umeokoa nauli. Ikirudi kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa alfajiri, basi ndani mna mafuta yaliyoganda. Ikikwama katikati, lizungushe gurudumu tena kidogo kabla ya kuhukumu, maana huenda meno ya klachi yamekutana uso kwa uso na yanangoja nafasi. Huo si ugonjwa.

Itazame pia hiyo cheni. Ikiwa imepinda au kiungo chake kimekazana, haitapita vizuri kwenye tundu. Na huenda haikukazwa mpaka mwisho. Izungushe kwa vidole, usitumie koleo, mpaka ifike mwisho, kisha uirudishe kidogo, isizidi nusu ya mzunguko, ili ielekee sawa na waya.

Waya na vishikizo vyake

Hewa yetu ni ya chumvi, na waya wa chuma hauipendi. Kutu huanzia pale ganda linapopinda, karibu na usukani, na pale nyuzi za waya zinapochanua kwenye mkono wa gia. Waya uliochanua usiupake mafuta ukatarajia miujiza, ununue mwingine. Ulio mzima lakini mkavu, utie mafuta mepesi ndani ya ganda, uuvute huku na huku mpaka yapenye.

Kwenye fremu baadhi ya baskeli hizi zina kigurudumu kidogo anachopitia waya. Kikishikwa na kutu, waya hukwaruza juu yake badala ya kuzunguka nacho. Tone moja la mafuta kwenye msumari wake latosha.

Kisha kitazame kile kibano kilichofungwa kwenye bomba la fremu, kinachoshika mwisho wa ganda. Hiki ndicho mkosaji ambaye watu wengi hawamshuku. Skrubu yake ikilegea, kibano huteleza nyuma kidogo, na waya wote hulegea kwa mara moja. Mtu aliyelala na gia tatu anaamka na mbili, anadhani habu imekufa usiku. Kirudishe mahali pake na ukikaze.

Mafuta: yapi na kiasi gani

Juu ya kifua cha habu pana kifuniko kidogo. Hapo ndipo pa kutilia mafuta. Wenye baskeli wengi hawajakifungua tangu waliporithi baskeli kwa baba zao, na wengine wamekifungua wakatia kisichofaa.

Visivyofaa ni hivi. Mafuta ya nazi na mafuta mengine ya kupikia hayafai, kwa kuwa yakikaa huganda na kunata kama ulimbo wa fenesi. Mafuta ya makonyo ni mali yetu na fahari yetu, lakini kazi yake si kulainisha chuma. Na grisi nzito usiishindilie ndani kwa lile tundu. Grisi ni ya gololi za pembeni, bali vile vikucha vidogo vya ndani na springi zake nyembamba kama unywele vitazama humo na kushindwa kuinuka.

Yanayofaa ni mafuta mepesi ya mashine, au mafuta mepesi ya injini. Ikiwa jaribio la vidole limeonyesha uvivu, tia kijiko kimoja cha chai, ulaze baskeli ubavu mmoja usiku kucha, na usiku wa pili ubavu mwingine. Kisha lizungushe gurudumu, badilisha gia mara nyingi, uende nayo safari fupi. Mafuta machafu meusi yatatoka pembeni, yafute. Rudia mpaka cheni irudi kwa wepesi. Ikiwa bado, changanya mafuta mepesi na mafuta ya taa kidogo, yaingize, zungusha, uyaache yatoke, kisha utie mafuta safi. Lakini fahamu kwamba mafuta ya taa huosha hata grisi ya gololi, kwa hiyo baada yake gololi zitataka grisi mpya.

Baada ya hapo matone machache kila mwezi yanatosha. Anayemimina kikombe atayakuta kwenye rimu, na breki haitashika.

Huenda mwanachama akakuta habu yake imeandikwa SW, siyo AW. Hiyo ni namna nyingine iliyotengenezwa katika miaka ya 1950. Vikucha vyake havina springi, kwa hiyo mafuta mazito huikosesha raha zaidi, na hata ikiwa safi ina sifa ya kuteleza. Iwekee mafuta mepesi kabisa na uvumilivu.

Kuipima gia ya pili

Waya ukiwa mzima na mafuta yakiwa mazuri, rudisha kijipipa kwenye cheni na uweke mkono wa gia kwenye nambari 2, au herufi N. Tazama nati ya kulia ya ekseli. Ina tundu ubavuni. Kwa habu ya AW, ndani ya tundu hilo utauona ufito ulioungana na cheni. Ufito huo una bega. Bega likiwa sawasawa na ncha ya ekseli, gia zako zimepimwa. Likiwa limezama ndani, kaza waya kwa kuzungusha kijipipa. Likiwa limetokeza nje, legeza. Ukimaliza, nenda gia ya kwanza, rudi ya pili, utazame tena. Likisimama palepale, kaza nati ndogo ya kuzuia.

Mambo mawili mengine huvuruga kipimo hiki. La kwanza ni koni. Gurudumu likicheza sana kushoto na kulia, au likikazwa mpaka halizunguki kwa uhuru, gia hazitatulia. Koni ya kurekebishwa ni ya kushoto. Ya kulia iache. Rekebisha mpaka ukilitikisa gurudumu kwenye rimu usikie mchezo mdogo tu. La pili ni zile washa zenye meno yanayoingia kwenye nafasi ya fremu. Kazi yake ni kuizuia ekseli isizunguke. Zikikosekana au zikiwekwa kinyume, ekseli hujipinda na kila kitu kinahama.

Hatari iliyo baina ya ya pili na ya tatu

Tumeandika haya kwa sababu ya gia nzito, lakini liko neno la usalama ambalo kwa hakika ni kubwa zaidi. Katika habu ya AW, baina ya gia ya pili na ya tatu pana mahali patupu. Klachi ikisimama hapo, pedeli huzunguka bila kushika kitu. Aliyekaa kwenye kiti atashituka tu. Aliyesimama juu ya pedeli, amelaza uzito wake wote ili aupande mlima, ataanguka juu ya bomba la fremu au barabarani mbele ya gari. Na akiwa amempakia mtoto wa skuli kwenye karia, wataanguka wawili.

Kwa hiyo gia inayochelewa si usumbufu tu. Klachi inayokokotwa na mafuta yaliyoganda ndiyo inayopenda kusimama pale patupu. Mwanachama ambaye gia zake hazijapimwa asisimame juu ya pedeli, wala asipakie mtu, mpaka azipime.

Waya ukikatika njiani, habu hukaa katika gia ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote. Vuta ile cheni nyembamba mpaka upate gia ya kwanza au ya pili, uifunge kwa kamba madhubuti kwenye bomba la fremu. Utafika nyumbani.

Yaliyotokea Kariakoo

Tulikuwa na safari ya kazi ya chama mjini Dar es Salaam, na mwanachama mmoja mzee wa Pemba akatuomba tumsindikize na gurudumu lake. Kutoka gatini, ukipita Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, ni kama mwendo wa nusu saa kwa miguu. Wasiopajua wafahamu kwamba jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa vita vya kwanza, walichokiita Carrier Corps, kilichopiga kambi pale. Mahali palipoanza kwa watu wa kubeba mizigo pangali ni pa mizigo hata leo: mikokoteni, matoroli, na vipuri vya kila namna.

Fundi wa kwanza, kijana mwenye heshima, alilipokea gurudumu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gia zimekuwa nzito."

Kijana akalizungusha mara mbili. "Mzee wangu, habu hizi zishapitwa. Nikutilie ya kawaida, leoleo unaondoka nayo. Gia za nini? Mji wote huu hauna mlima."

Mzee akacheka. "Kwenu hakuna, fundi. Kwetu viko."

Hapo ndipo tulipofahamu sababu ya habu nyingi za wanachama wetu kubaki Kariakoo. Si wizi, wala si ujinga wa mafundi. Fundi hutibu kwa nchi anayoijua. Katikati ya Dar es Salaam ni tambarare. Baskeli zinazopita Msimbazi na Uhuru zimebeba mikate, maji na magunia, na gia moja inazitosha. Kwake yeye, kukupa gurudumu jepesi ni hisani. Ni juu yako wewe utokaye vilimani kumwambia unakokwenda.

Fundi wa pili, mtu mzima, hakufungua kitu. Akalifunga gurudumu kwenye fremu iliyokuwapo pale, akavuta cheni kwa vidole, akaiachia. Ikarudi polepole mno.

"Ulitia nini humu, mzee?"

"Mafuta ya nazi. Kila mwezi, sikukosa."

"Basi ulikuwa unaipikia," akasema fundi, na watu wote waliokuwapo wakaangua kicheko, mzee wetu mbele yao. Akaiosha, akaitia mafuta ya mashine, akazungusha, akangoja, akarudia. Kufikia alasiri cheni ilikuwa inaruka ndani kama panya. Hakuna kipuri kilichobadilishwa isipokuwa waya.

Ukilazimika kwenda

Ikiwa umefanya yote tuliyoyataja na habu bado inagoma, au inasaga, au inateleza hata katika gia ya kwanza, basi pana kitu kilichochakaa au kuvunjika, na lazima ifunguliwe. Shika haya.

Peleka habu pamoja na cheni yake nyembamba, waya wake na nati zake zote mbili. Nati hizo zina uzi wake wa peke yake. Nati ya Phoenix au ya baskeli nyingine ya kawaida haikubali, na ukiilazimisha itaua uzi wa ekseli. Zikipotea, utaihangaikia Kariakoo nzima.

Andika kwenye karatasi herufi za habu. Ekseli za AW zilitengenezwa kwa urefu wa inchi 5¾ na 6¼, na cheni nyembamba nazo zina urefu mbalimbali. Kwa hiyo usinunue cheni mpya bila kuilinganisha na ya zamani.

Mwambie fundi, kabla hajafungua, atie alama kwenye pete ya gololi ya upande wa kulia na kwenye kifua cha habu. Pete hiyo ina uzi wenye mianzo miwili; ikirudishwa kwa mwanzo usio wake, gurudumu litakwenda upogo. Na vipande avipange juu ya kitambaa kwa taratibu ya kutoka kwake. Fundi asiyekubali masharti haya, mshukuru uondoke.

Mwisho, ikiwa umekata shauri kutia gurudumu jingine, rudi na habu yako nyumbani. Vipande vyake vitamfaa mwanachama mwingine.

Neno kwa wenye baskeli za mitumba

Zipo siku hizi baskeli zilizotumika zinazoletwa kutoka Japani, na nyingi zina gia tatu za ndani za Shimano. Hizo hazina cheni nyembamba; zina kijisanduku upande wa kulia wa ekseli. Katika zile za Nexus, weka gia ya pili, utazame kidirisha cha kijisanduku hicho: mstari wa rangi ya manjano ukae baina ya mistari miwili. Usipokaa, zungusha kirekebisho cha waya mpaka ukae. Hazina kifuniko cha mafuta, kwa kuwa zimetiwa grisi ndani, usizitoboe tundu.

Basi, ndugu wanachama, utaratibu ni huu: sikiliza ni gia ipi, jaribu cheni kwa vidole, tazama waya na kibano, tia mafuta yafaayo, pima gia ya pili. Ni kazi ya jioni moja. Atakayeimaliza na baskeli yake bado inagoma, na ailete ofisini siku ya kupima karafuu. Tutaitazama pamoja kabla mtu hajakata tikiti ya boti.